Kompyuta ya mzee inataka kadi ya grafiki: GTX 1650, RX 6400, RX 580 au RTX 3050?

Baba aliendesha malori miaka ishirini na saba. Sasa amestaafu, yuko Kiborloni, Moshi, na migomba yake, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikiisha anavaa miwani, anaketi kwenye kompyuta na kurudi barabarani. Gemu yake ni Euro Truck Simulator 2. Barabara za Poland anazijua kuliko za Njiro, Arusha, ninakoishi mimi. Jumapili moja akanipigia simu, salamu zikaisha, akasema: "Sasa hili gari linamisi. Nikiingia mjini linakatakata, nikitoka nje linakaa sawa." Sikuuliza ni gari gani.

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 9020 ya mnara, prosesa i5-4590, RAM GB 8, na ndani yake GT 730, kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu) niliyoichomeka miaka ile nikajiona nimemaliza kazi. Kwa wakati wake ilitosha. Lakini gemu hiyo, ingawa ilitoka 2012, haijakaa palepale. Toleo la 1.40 la mwaka 2021 lilibadilisha mfumo mzima wa mwanga, na miji inayoongezwa sasa imejaa majengo kuliko ile ya mwanzo. GT 730 ikifika hapo inahema.

Nilikaa wiki tatu kati ya kadi nne: za GTX na RTX ni za Nvidia, za RX ni za AMD. Ukiuliza mafundi watano utapewa majibu sita, na kila jibu ni sahihi kwa mashine ambayo si ya mzazi wako. Kwa hiyo kabla ya kutaja kadi yoyote niseme nilichojifunza: mashine ndiyo inayochagua kadi. Mfuko wako unakuja kupunguza yaliyobaki.

Mambo matano ya kupima

*Umeme.* Nilimwomba baba apige picha lebo ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, anitumie WhatsApp. Akatuma lebo ya stebilaiza. Kesho yake akatuma ya friji. Ikabidi nipande Coaster mpaka Moshi. Nikainua kitambaa cha kufuma ambacho mama hufunikia kompyuta, nikafungua kesi: vumbi jekundu limeganda kwenye feni kama ugoro, na mende mmoja aliyekauka zamani. Lebo ikasoma wati 290. Nikatafuta waya wa ziada wa kadi, haupo.

Hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu. Tundu la PCIe, pale kadi inapochomekwa, lenyewe linatoa mpaka wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima iletewe waya wake kutoka pawa saplai: wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kompyuta nyingi za ofisini za Dell na HP zinazokuja kama mtumba hazina waya huo. Na kwa 9020 huwezi kuingia dukani ukachukua pawa saplai yoyote, kwa sababu haitumii plagi ya kawaida ya pini 24 bali ya pini 8 ya Dell wenyewe, hivyo utahitaji na waya wa kubadilishia.

Kama mashine iliungwa na fundi, usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Tafuta mstari wa 12V kwenye lebo, chukua ampia zake, zidisha kwa 12. Nimeona pawa saplai ya "500W" yenye ampia 18 kwenye 12V. Hizo ni wati 216 tu pale ambapo kadi na prosesa zinakula.

Utaambiwa ipo adapta ya kutoka plagi ya SATA kwenda pini 8, bei ya soda chache. Plagi ya SATA upande wa 12V imejengwa kubeba wati 54. Waya wa pini 8 unategemewa kubeba 150. Sasa fikiria sebule ambayo mzee anasinzia kwenye kochi huku mashine ikiwaka.

*Nafasi na tundu.* Pima urefu kwa rula kuanzia nyuma ya kesi mpaka kizuizi cha kwanza, iwe ni sanduku la diski au nyaya. Kesi nyembamba zinataka kadi fupi ya kimo cha nusu, na baadhi zinataka iwe nyembamba pia, ya kukaa kwenye nafasi moja. Halafu kuna kizazi cha PCIe, yaani kasi ya data kati ya kadi na kompyuta: mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) zenye chipu ya H81 zinaendesha tundu la kadi kwa PCIe 2.0, wakati B85 na Q87 za umri uleule zinatoa 3.0. Inaonekana ni jambo dogo, ila kwa kadi moja kati ya hizi nne lina uzito sana.

*Nguvu, na kazi inayofanywa.* Mzee anacheza nini, na kwenye monita gani? Monita ya baba ni ile ya mraba, 1280 kwa 1024, yenye waya wa VGA wa bluu. Kadi zote nne nitakazotaja hazina VGA. Dawa ni adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani yake. Ile adapta bubu ya DVI kwenda VGA iliyolala kwenye droo yako haitafanya kazi, kwa sababu DVI ya kadi hizi ni ya dijitali tupu.

*Draiva.* Hii ni programu inayoiendesha kadi. Kadi itaendelea kuhudumiwa na mtengenezaji, au ndiyo imeshaachwa?

*Kuinunua na kuirudisha.* Ni mpya au mtumba? Nani ataipokea ikirudi? Kadi ikitoka Kariakoo na basi, ikaharibika siku ya tatu, kuirudisha Dar ni safari ya siku nzima.

Kwa haraka, hivi ndivyo zinavyosimama:

| Kadi | Ilitoka | Memori | Umeme | Waya wa ziada | Njia za PCIe |
|---|---|---|---|---|---|
| GTX 1650 | 2019 | GB 4 | wati 75 | nyingi hazitaki | 16 (3.0) |
| RX 6400 | 2022 | GB 4 | wati 53 | hautaki | 4 (4.0) |
| RX 580 | 2017 | GB 8 | wati 185 | pini 8 | 16 (3.0) |
| RTX 3050 GB 6 | 2024 | GB 6 | wati 70 | hautaki | 8 (4.0) |

Bei za dukani sitaziandika, maana hubadilika kila mzigo unapoingia. Bei za kutoka kiwandani zinakupa picha kidogo: 1650 ilianza kwa dola 149, 6400 kwa 159, 580 ya GB 8 kwa 229, na 3050 ya GB 6 kwa 169. Huku kwetu 580 imeshuka sana kwa kuwa ni mtumba, na 3050 ndiyo inayouma.

GTX 1650

*Umeme.* Wati 75, zote kutoka kwenye tundu. Ila angalia ukingo wa juu wa kadi kabla ya kulipa, kwa sababu kuna matoleo yaliyoongezewa kasi kiwandani yakawekewa na tundu la pini 6. Ukiyaleta kwenye OptiPlex yatakutazama tu.

*Nafasi na tundu.* Inatumia njia zote 16 za data za tundu la PCIe, kwa hiyo hata kwenye mazabodi ya H81 haipotezi kitu cha kukunyima usingizi. Zipo za feni moja, fupi, zinazoingia kwenye mnara wowote. Zipo pia za kimo cha nusu, lakini nyingi ni nene.

*Nguvu.* EA Sports FC 24 inataja GTX 1050 Ti kuwa kiwango cha chini, na 1650 iko juu ya hiyo. GTA V inacheza vizuri sana kwenye 1080p. Gemu mpya kubwa zitabanwa na memori ya GB 4, utashusha ubora wa picha mpaka kuta zifanane na udongo. Matoleo ya kwanza yalikuwa na memori ya GDDR5, baadaye ya mwaka 2020 yakaja ya GDDR6 ambayo ni mepesi zaidi. Bei zikikaribiana, chukua GDDR6.

*Draiva.* Iko salama kuliko inavyoonekana. Nvidia walifunga draiva za gemu kwa kadi za kizazi cha Pascal na Maxwell Oktoba 2025, wakabakiza za usalama tu mpaka Oktoba 2028. 1650 ni ya kizazi cha Turing kilichofuata, haimo kwenye panga hilo.

*Kuinunua.* Ni rahisi kuipata, mpya na mtumba. Mtumba wake haunitishi sana, kadi hii haikupendwa na wachimbaji wa sarafu za mtandaoni kama zile kubwa.

*Inamfaa* mwenye mashine ya ofisini isiyo na waya wa ziada, mazabodi ya zamani, na mzee wa gemu za miaka kumi iliyopita.

RX 6400

*Umeme.* Wati 53. Hakuna kadi hapa inayokula kidogo hivi, na haina joto la kusumbua. Mwezi wa pili Moshi, mji uko mita 800 na kitu tu juu ya bahari na sebule ya bati inachemka, hilo si jambo dogo. Arusha kwenye mita 1,400 hutalihisi sana.

*Nafasi na tundu.* Hapa ina sifa kubwa na dosari kubwa kwa pamoja. Sifa: matoleo mengi ni ya kimo cha nusu na nafasi moja, yanaingia kwenye kesi nyembamba ambazo kadi nyingine zote zinaangalia kwa nje. Dosari: inatumia njia 4 tu badala ya 16. Kwenye kompyuta mpya ya PCIe 4.0 hutagundua. Kwenye 3.0 mzigo unapita nusu. Kwenye 2.0 ni robo. Na kwa kuwa memori yake ni GB 4, ikijaa lazima kadi iende kuazima RAM ya kompyuta kupitia hizo njia nne. Nilimweleza baba akaelewa kabla sijamaliza: "Malori mengi, mizani mmoja." Ndipo gemu inapokatakata, na ukitazama wastani wa fremu kwa sekunde utaona namba nzuri huku macho yakikwambia vingine.

*Nguvu.* Kwenye mashine mpya inakaribiana na 1650. Kwenye ya zamani iko nyuma. Tena haiwezi kurekodi gemu kwa kutumia chipu yake, kazi hiyo inarudi kwa prosesa. Kama kuna mjukuu anayetaka kurekodi mechi zake apandishe TikTok, ajue.

*Draiva.* Kadi ni ya 2022, na AMD bado wanaihudumia. Ila kadi za umri huu zinaweza kugoma kuwaka kwenye mazabodi yenye BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) ya kizamani. Sasisha BIOS kwanza ukiwa bado na kadi ya zamani ndani, na usifanye hivyo bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, una sanduku la bati.

*Kuinunua.* Si ya kila duka. Pengine utaagiza. Ina matundu mawili tu ya monita, HDMI na DisplayPort.

*Inamfaa* mwenye kesi nyembamba, mazabodi ya 3.0 kwenda juu, na nyumba inayohesabu uniti.

RX 580 ya GB 8

Hii ndiyo kadi ambayo vijana wote watakutajia, na sababu wanayo.

*Umeme.* Wati 185 na waya wa pini 8. Ongeza prosesa ya wati 84, diski na feni, umepita uwezo wa pawa saplai ya wati 290. Kwa hiyo unaponunua 580 kwa mashine ya ofisini, unanunua pia pawa saplai, waya wa kubadilishia na kazi ya fundi. Jumlisha hayo kabla ya kusema ni rahisi. UPS nayo: ndogo ya VA 650 mara nyingi inaishia wati 390 au chini, na mashine yenye 580 ikikolea gemu inaikaribia.

Kuna na LUKU. Tofauti kati yake na 1650 ni wati 110 hivi zikiwa zimekazwa. Saa tatu kila jioni kwa mwezi ni kama uniti 10. Kwa nyumba kubwa si kitu. Kwa nyumba ya wazee wawili inayojitahidi kukaa chini ya uniti 75 ili ibaki kwenye kundi la watumiaji wadogo, uniti 10 zinaweza kuwavusha mstari, na mama atauliza.

*Nafasi na tundu.* Ni ndefu, nyingi zina feni mbili, nene nafasi mbili. Pima. Upande wa PCIe haina shida popote.

*Nguvu.* Inaipita 1650 waziwazi, na memori ya GB 8 inaipa pumzi kwenye gemu ambazo kadi za GB 4 zinakwama. Kwa shilingi uliyotoa, hakuna inayokurudishia zaidi.

*Draiva.* AMD bado wanatoa draiva za kizazi chake, lakini tangu 2023 zinakuja kwa kusuasua, ni za matengenezo zaidi kuliko gemu mpya.

*Kuinunua.* Hapa chukua muda. 580 nyingi zilifanya kazi ya kuchimba Ethereum mchana na usiku. Septemba 2022 mtandao huo ulipoacha uchimbaji, kadi zikamwagwa sokoni duniani kote. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka sana na pasta ya joto imekauka. Pia kuna RX 580 2048SP, ambayo kwa ndani ni RX 570 iliyovaa jina la kaka yake. 580 halisi ina viini 2304. Programu ya bure ya GPU-Z itakuonyesha ndani ya dakika moja.

Omba iwashwe mbele yako, iendeshwe kwa gemu nzito nusu saa, na tazama mambo matatu: nyuzi joto, mlio wa feni, na vinukta vya rangi vinavyochezacheza kwenye picha. Muuzaji akisema mashine ya kujaribia haipo, mshukuru.

*Inamfaa* mashine iliyoungwa na fundi yenye pawa saplai nzuri na waya wa pini 8 tayari, na mtoto anayejua kufungua kadi na kubadilisha pasta.

RTX 3050 ya GB 6

*Umeme.* Wati 70, bila waya. Kwa nguvu inayotoa, hilo ni jambo zuri sana.

Lakini soma boksi mara mbili. Kuna RTX 3050 nyingine ya GB 8 iliyotoka 2022, inakula wati 130 na inataka pini 8. Jina lilelile, kadi mbili. Ukiagiza kwa simu kwa kusema "niletee thati fifti", utaletewa ile iliyopo.

*Nafasi na tundu.* Zipo fupi na zipo za kimo cha nusu. Njia 8 kwenye PCIe 3.0 zinatosha. BIOS, onyo ni lile la 6400.

*Nguvu.* Inaiacha 1650 mbali na inasimama karibu na 580 au juu yake kutegemea gemu. Ina DLSS, ufundi wa Nvidia wa kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili mnemba, na kwa gemu zinazoukubali unaongeza maisha ya kadi. Wenye kadi nyingine wana FSR ya AMD, hata kwenye 580, ingawa picha yake haitulii vilevile.

Swali ni kama mashine ya mzee itaitumia nguvu hiyo. Euro Truck inaegemea sana prosesa. Kwenye i5 ya 2014 na monita ya mraba, sehemu ya kadi hii itakuwa imekaa kijiweni.

*Draiva.* Ndiyo yenye miaka mingi mbele kuliko zote nne.

*Kuinunua.* Kwa umri wake ina nafasi kubwa ya kupatikana mpya kwenye boksi. Dai risiti yenye dhamana iliyoandikwa siku. "Ukiona shida njoo tu" si dhamana.

*Inamfaa* mwenye prosesa ya kizazi cha karibu zaidi, au anayepanga kuihamishia kadi kwenye kompyuta nyingine baada ya mwaka mmoja au miwili.

Nilizoziacha nje

GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 bado inauzwa kila kona. Ni ya Pascal, draiva zake za gemu zimefungwa. Isitoshe, nimeshaumwa. Nilinunua moja kwenye duka fulani mjini Arusha, nikafurahi kuona ina tundu la VGA, nikasema monita ya baba imepona. Nyumbani GPU-Z ikaandika neno FAKE mbele ya jina. Ndani ilikuwa chipu ya familia ya GTS 450, ya 2010, iliyodanganywa jina. Baadaye ndipo nikajua kwamba 1050 Ti halisi haina VGA kabisa. Kile kilichonifurahisha ndicho kilichopaswa kunifukuza.

Intel Arc A380 ina memori ya GB 6 kwa wati 75 na karatasini inavutia, lakini inahitaji kipengele cha Resizable BAR ambacho mazabodi za umri huu kwa kawaida hazina. Bila hicho inapooza. RX 6600 nayo ni kadi nzuri sana, karibu mara mbili ya 1650, ila wati 132 na waya wa pini 8 zinaitoa kwenye mashine ninazozungumzia. Mwenye pawa saplai ya kweli aiangalie pamoja na 580, hasa kama hataki mtumba uliochakaa.

Kwa hiyo, kwa hali yako

Kama mashine ni Dell au HP ya mnara ya ofisini, pawa saplai haina waya wa ziada na hutaki kuigusa, uko kati ya 1650 na 3050 ya GB 6. Mzee wa Euro Truck, GTA V na FIFA za zamani atakaa vizuri na 1650. Mzee mwenye prosesa mpya kidogo na monita ya 1080p, au mwenye wajukuu wanaoleta gemu zao likizo ya Desemba, 3050 haitapotea.

Kama kesi ni nyembamba, RX 6400 ndiyo itakayoingia bila msumeno. Lakini ukikuta chipu ya H81, rudi nyuma utafute 1650 ya kimo cha nusu au 3050 ya kimo cha nusu, na upime unene kabla.

Kama pawa saplai ni ya kuaminika na waya wa pini 8 unaning'inia ndani haujawahi kutumika, nenda kwenye 580 kwa bei ndogo au 6600 ukiwa na cha kuongeza. Kwa 580, usimtume mtu. Nenda mwenyewe ukaione ikiwaka.

Kama mzee bado yuko kwenye Windows 7, kadi isubiri. Steam, duka la mtandaoni la gemu, ilizitupa Windows 7 na 8 tangu tarehe 1 Januari 2024. Windows 10 nayo Microsoft waliisitishia huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa kama i5-4590 haimo kwenye orodha ya Windows 11. Kwa gemu bado inafanya kazi, ila mambo ya benki ayafanyie kwenye simu.

Kama hela inatosha kitu kimoja tu na kompyuta bado ina diski ya kuzunguka, nunua SSD. Nilianza na hiyo kwa baba, na nusu ya kumisi ikaisha kabla ya kugusa kadi. Nusu iliyobaki niliimaliza kwa 1650 ya feni moja na adapta ya VGA, kwa sababu wati 290 hazikunipa nafasi ya kubishana na mtu. Ungekuwa na mashine nyingine ungechukua kadi nyingine.

Na kama mzee wako hachezi chochote zaidi ya karata na YouTube, halafu kompyuta inajizima yenyewe saa nane mchana, fungua kesi, peleka nje uwanjani, puliza vumbi huku umeshika feni isizunguke, badilisha pasta ya prosesa. Usinunue kitu.